Siku Tuliyoacha Kutembea

Wakubwa wakitaka kukuondoa mahali hawaanzi na tingatinga. Wanaanza na tangazo. Letu walilibandika kwenye nguzo ya umeme mkabala na karakana yangu, juu kidogo ya tangazo la mtu anayenunua friji mbovu, na kwa kuwa kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, nilimwachia shemeji anisomee.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mke wangu. Ana shule ya udereva, gari moja lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, na sauti iliyozoea kuokoa maisha ya watu. Mtaa mzima unamwita Mama Breki.

"Jengo la maduka," alisoma. "Ghorofa kadhaa, kwenye ule uwanja mtupu wa nyuma. Na geti la magari litatokea... ngoja... litatokea hapa." Akanyoosha kidole. Kidole kikaja moja kwa moja mpaka kwenye kibaraza changu.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ni ya kuhifadhi vifaa tu. Kochi la watu watatu haliingii mlangoni hata ukiling'oa miguu. Kazi yote hufanyika kibarazani: kuvua kitambaa, kukaza mikanda, kukata sponji, kupiga misumari. Hapohapo ndipo mke wangu alipokuwa akikaa na vipande vya vitambaa mapajani, akiwaambia wateja ukweli wasioutaka. "Mama, hii nyeupe na wale watoto wako? Utalifunika kochi shuka mwaka mzima." Siku alipozidiwa tulimkimbiza hospitali, tukaambiwa daktari ameitwa semina. Semina ya kuboresha huduma. Wakubwa walikuwa wakiboresha huduma hotelini na mke wangu amelala kwenye benchi. Sasa niambie kwa nini nisiwachukie.

"Kibaraza kinakwenda?" nikauliza.

"Geti la malori na magari ya wateja linataka nafasi ya kukatia kona, shemeji. Kibaraza kinakwenda, na ngazi yako inakwenda, na wewe ukizubaa unakwenda." Akasogea karibu na karatasi. "Lakini kuna kitu hapa chini. Kabla ya kibali, itafanywa tathmini ya athari za jengo kwa barabara. Watakuja kuhesabu."

"Kuhesabu barabara? Si ni hii moja?"

"Kuhesabu yanayopita! Wanaangalia barabara ina msongamano kiasi gani leo, wanajumlisha na magari yatakayoletwa na jengo, wanaona kama itabeba. Ikiwa imeshajaa, geti haliwezi kukaa hapa, watalipeleka barabara kuu. Ikiwa tupu, ndiyo basi tena."

Tukaitazama barabara yetu. Kuku wawili walikuwa wamelala katikati.

Wakubwa hao wana ustaarabu wao wa ajabu: siku ya kuhesabu waliiandika palepale kwenye tangazo, kila mtu aijue. Mama Breki akaita kikao kibarazani kwangu. Alikuja Seremala jirani, ambaye kazi yake kubwa ni majeneza na ana pikapu ya kuyapeleka. Alikuja Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, mwanafunzi wa sasa wa Mama Breki, mtu aliyenichapa nikiwa mdogo na ambaye sasa anafokewa na shemeji yangu kila asubuhi, jambo ambalo silichoki kulisikia. Wakaja na majirani wengine, kila aliyekuwa na kitu chenye magurudumu au aliyekuwa na ndugu mwenye kitu hicho.

"Tutazunguka," akasema Mama Breki. "Tunaingia juu, tunatokea chini, tunazunguka nyuma ya shule, tunaingia tena juu. Asubuhi mpaka waondoke."

"Watatugundua," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, wewe ukiendesha hakuna atakayeamini kwamba kuna mtu amepanga."

Watu wakacheka mpaka Seremala akapaliwa na maji. Kisha akauliza swali ambalo tulidhani ni la akili sana: gari tupu si litashukiwa? Nikamjibu mimi, na nakumbuka nilivyojisikia mjanja. "Tulijaze! Watoto wa shule wasiende kwa miguu siku hiyo, wapandishwe. Akina mama wa sokoni wapandishwe. Vibibi wapandishwe. Asionekane mtu anatembea ovyo kama hatuna magari. Wakubwa wanaheshimu gari. Tuwape magari."

Wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja.

Siku yenyewe ilikucha kama ya harusi. Wahesabuji walikaa chini ya miavuli, wawili juu ya mtaa na wawili chini, na mkubwa wao, aliyekuwa akienda huku na huku bila kukaa, alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, mhandisi wa barabara kutoka halmashauri. Alinisalimu, "Shikamoo, mzee," nikaitikia "Marahaba" kwa shingo upande, maana salamu haizuii geti.

Tukaanza. Nilipanda nyuma ya pikapu ya Seremala, juu ya kochi la mteja, na nikapitishwa mtaani kwangu kama mfalme anayehamishwa. Watoto walijazana kwenye magari wakipunga mikono, hawajawahi kupelekwa shule kifahari namna ile. Wengine walipofika shule walikataa kushuka, wakazungushwa tena. Bibi muuza mboga alikaa kiti cha mbele kwenye gari la binamu yake, beseni la nyanya mapajani, akimwambia dereva apunguze kasi ili watu wamwone. Jeneza jipya lilikuwa nyuma ya pikapu yetu pamoja na lile kochi, kwa kuwa Seremala hakupata pa kulishusha, na mhesabuji mmoja wa chini ya mtaa, mtu wa heshima zake, kila tulipopita alisimama na kuvua kofia. Alivua kofia asubuhi nzima. Mara ya mwisho nilimwona akiniangalia mimi kochini, akiangalia jeneza, akajikuna kichwa.

Kisha Mwalimu akafika kwenye kona akiwa na kibao chake juu ya paa na injini ikazima.

"Klachi!" akapiga kelele Mama Breki. "Klachi, Mwalimu! Mguu wa kushoto! Wa kushoto ni huo mwingine!"

"Nipe muda wa kufikiri," akasema Mwalimu.

"Gari halifikiriwi, linaendeshwa!"

Nyuma yake tukasimama sote. Tulikuwa tumeigiza foleni, sasa tukapata ya kweli: honi, vumbi, pikipiki zikipenya, kuku wakikimbia, bibi wa mboga akiuza nyanya kupitia dirishani kwa gari la jirani. Watu walikuwa wakicheka ndani ya magari kama wako jukwaani. Nami nikacheka, juu ya kochi, mtu mzima, kicheko ambacho sikumbuki mara ya mwisho kilinitoka lini. Nilitamani mke wangu angekuwepo aone. Angesema, "Baba watoto, shuka, unaharibu kitambaa cha watu."

Alasiri wahesabuji walikunja miavuli. Mhandisi akaja kibarazani akichechemea na kuomba maji. Nikampa, na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akitumwa na shetani, nikamwambia akae kwenye kochi.

"Mzee, kochi hili zuri," akasema, akivua viatu. "Sijakaa tangu asubuhi."

"Umeona mwenyewe mtaa ulivyojaa," nikamwambia.

Akatabasamu. "Nimeona. Nimeona jeneza moja likienda kuzikwa mara nyingi kuliko binadamu yeyote niliyewahi kusikia." "Tunaandika na namba za magari, mzee. Yaliyozunguka nimeyaondoa. Sijakasirika. Watu hufanya hivyo kila mahali, ila nyinyi mmefanya vizuri zaidi, mpaka muuza nyanya."

Akaendelea kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake habari za kawaida. "Nilichoshangaa ni watu wa miguu. Karatasi yao ni tupu kabisa. Nilidhani kuna shule hapo nyuma na soko huko juu, watu wangekuwa wengi. Watu wa miguu ndio huzuia geti, maana malori na watoto hawawezi kutumia mlango mmoja. Lakini kama hawapo, hawapo. Mtaa wenu ni mtulivu sana, mzee. Nitaandika hivyo. Asante kwa maji."

Akavaa viatu na kuondoka. Nilibaki nimesimama na bilauri.

Mama Breki alinikuta hivyohivyo. Nilipomweleza, alikaa chini pole pole, jambo ambalo hafanyi.

"Yaani tulikuwa nao," akasema. "Kila siku tunao. Mamia wanapita hapa kwa miguu."

"Na leo tukawaficha ndani ya magari."

"Nani alisema wapandishwe?"

"Shemeji, unajua nani alisema."

"Nataka nisikie jina."

"Mimi!"

"Basi," akasema. "Kesho tunakwenda halmashauri na wewe ndiye utakayesema. Umekuwa ukiwatukana wakubwa kwangu tangu dada afariki. Nenda ukawatukane wenyewe, wakusikie."

Sikulala vizuri. Kuwadanganya wakubwa sikuona vibaya. Kwenda kuwaambia kwamba nimewadanganya ndiko kulikonitia baridi. Watu wa ofisini wana kalamu, na kalamu inaweza kukuweka ndani. Lakini asubuhi nilipotoka nje wanafunzi walikuwa wakipita mbele ya kibaraza, kundi baada ya kundi, sare zao zimefuliwa, mmoja anamfunga mwenzake kamba za viatu palepale kwenye njia ambayo malori yangetokea. Nikavaa shati la kutokea.

Tulikwenda kwa gari la shule ya udereva, Mwalimu akiendesha, kwa hiyo tulifika tumechoka. Mhandisi alitupeleka kwa mkuu wa idara, maana kurudia hesabu, alisema, kunahitaji ruhusa yake. Mkuu alikuwa bwana mnene mwenye feni mbili, moja ya kwake na moja ya mafaili.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima na yote yakatoroka.

"Tumewadanganya," nikasema. "Siku ya kuhesabu tulizungusha magari na watu wote tukawapandisha, wasionekane wanatembea. Hesabu yenu ni ya uongo. Njooni muhesabu tena."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Mzee, mnadanganya serikali?"

"Ndiyo," nikasema. "Tumejifunza kwenu."

Niliona Mwalimu akifumba macho kama vile anasubiri yeye kuchapwa. Mama Breki alinishika shati kwa nyuma. Feni ya mafaili ilikuwa ikipeperusha karatasi moja, ikishuka, ikipanda.

Mkuu akaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Kumbe ni kicheko, kilianzia tumboni na kilichukua muda kufika usoni. "Mhandisi," akasema akifuta macho, "ndiye huyu wa kwenye kochi?"

"Ndiye, mheshimiwa."

"Mliwaficha watu wenu wa miguu? Kwa nini, mzee?"

Nikamjibu ukweli. "Tulidhani mnahesabu wenye magari tu. Mtu wa miguu ni lini mmemhesabu?"

Hilo halikumchekesha. Alimtazama mhandisi, mhandisi akamtazama yeye, na nikaona kwamba maneno yangu yamekaa mahali. "Rudieni," akasema. "Lakini safari hii, mzee, siku hamtaambiwa. Mtembee kama mnavyotembea."

Jambo jepesi hilo, kutembea kama unavyotembea. Jaribu. Mtaa mzima ulisahau. Mama Breki alipita nyumba kwa nyumba akitangaza: "Hakuna kuzunguka! Hakuna kupita mara mbili! Mwenye safari moja aende moja!" Bibi wa mboga akaanza kutembea wima kama anapigwa picha. Siku moja akaja mtu mgeni mwenye kofia na karatasi, akasimama kona, na ghafla mtaa ukafurika: akina mama na vikapu, wazee na fimbo, Seremala akiwa amebeba ubao ambao hakuwa na kazi nao. Wote wakampita yule bwana wakimsalimu kwa adabu. Naye akajibu salamu mpaka sauti ikamkauka, kisha akafungua kifuniko chini, akasoma mita ya maji, akaondoka.

"Nilisema hakuna maonyesho!" akafoka Mama Breki.

"Nilikuwa napeleka ubao," akasema Seremala.

"Wapi?"

"Mbele."

Basi tukachoka kungojea, tukarudia maisha yetu. Tangazo likafifia kwa jua. Nilikuwa nimeshaamini kwamba wametusahau, kama kawaida yao, na kwamba geti litakuja siku moja bila hodi. Ndipo tukaitwa kwenye kikao cha kamati ya mipango, ukumbini, kusikia ripoti ya mhandisi. Tulikwenda wote, waliokosa viti walisimama ukutani.

Mhandisi alisimama mbele. Alisema hesabu ya kwanza imefutwa kwa sababu za kiufundi, na macho yake yakapita kwangu bila kutua, Mungu ambariki. Hesabu ya pili ilifanyika siku ya kawaida ya wiki, kutoka dirisha la ghorofani la fundi cherehani wa mkabala. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama fundi cherehani. Yule mwanamke, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya kipimo cha kiuno, akakaza midomo na kuangalia dari.

"Katika mtaa huu," akasema mhandisi, "kwa kila gari moja linalopita, wapo watembea kwa miguu wengi. Asubuhi barabara ni ya watoto. Mchana ni ya soko. Jioni ni ya kila mtu."

Watembea kwa miguu. Kumbe tuna jina.

Akainuka mwakilishi wa tajiri wa jengo, suti ya bluu, sauti laini. Alisema kampuni inawapenda wananchi. Alisema geti lingekuwa na mlinzi wa kuwasimamisha watoto malori yanapotoka.

"Kuwasimamisha watoto?" Mama Breki alikuwa ameshasimama. "Baba, nimefundisha udereva maisha yangu yote. Anayesimama ni gari!"

"Mama, kaa chini," akasema mwenyekiti wa kamati.

"Nitakaa gari likisimama!"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti aligonga meza, akagonga tena, mwisho akaacha na kucheka kidogo nyuma ya karatasi. Kisha akamuuliza mhandisi swali moja tu: pendekezo lake ni nini. Mhandisi akasema jengo linaweza kujengwa, lakini geti lihamie barabara kuu ambako malori yana nafasi ya kukata kona, na mwenye jengo achore kivuko na ajenge njia ya waendao kwa miguu upande wa shule. Vibaraza vilivyopo visiguswe. Alisema hivyo, "vibaraza," kwa sauti ileile kavu aliyoitumia kwa malori, nami nikashika kiti cha mbele yangu.

Wajumbe walinong'onezana. Waliinua mikono. Mwenyekiti akahesabu mikono kwa kidole, midomo ikitembea, akasema, "Pendekezo limepita."

Sijui nani alianza vigelegele. Nadhani ni bibi wa mboga. Mwalimu alinikumbatia, mtu yule yule wa viboko, akaniambia sikioni, "Ulikuwa mtukutu sana darasani," na nikamwambia, "Marahaba," maana sikujua la kusema. Nilimtafuta mhandisi nimpe mkono. Alikuwa anakunja ramani.

"Binti yangu," nikamwambia, "mimi sikuwa na imani na wewe."

"Nilijua, mzee. Ulinipa maji kama unayemwagia mti uliokauka."

"Siku ukipata kochi la kutengeneza..."

"Ninalo. Ila sitalileta kwa pikapu ya jirani yako, tafadhali."

Nje, Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye usukani, amejifunga mkanda. Mama Breki akapitisha mkono dirishani na kuchomoa ufunguo. "Leo tunatembea," akasema.

Tukatembea. Mtaa mzima, upana wa barabara nzima, watoto mbele, sisi katikati, viatu vya Mama Breki mkononi mwake kwa sababu visigino vilimshinda. Watu waliimba, wengine waliimba kitu kingine kabisa na hakuna aliyejali. Wakubwa bado siwapendi, nisiwadanganye. Mmoja amefanya kazi yake vizuri, wengine bado nawangoja. Lakini miguu yangu ilikuwa nyepesi, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mgane sikuwa na haraka ya kufika nyumbani.

Nyuma yetu nikasikia injini. Gari jeusi la yule mwakilishi wa suti ya bluu lilikuwa likitambaa kwa mwendo wetu, halina pa kupita, dereva mikono juu ya usukani.

"Shemeji," akasema Mama Breki, "si tumpishe?"

Nikageuka, nikampungia mkono yule bwana kwa adabu zote.

"Mwache kwanza," nikasema. "Anahesabu."